Kadi Iliyokatwa Mbele ya Watu

Vijana wa benki wakinikuta Kericho siku ya pensheni huniuliza kama ni kweli tulikuwa tunakopesha watu bila kompyuta. Ni kweli. Ninyi leo mnabonyeza namba ya kitambulisho na mnaambiwa huyu analipa, huyu halipi. Sisi tulikuwa na kabati la chuma karibu na choo, na humo mlikuwa na faili za watu walioshindwa kulipa. Mtu akija kuomba mkopo, karani alienda kwanza kuangalia kama jina lake limo. Likiwa limo, alirudi na sura ya mtu aliyetoka kuona maiti.

Nilifanya kazi katika tawi hilo moja miaka ishirini na minane, mingi yake nikiwa dawati la mikopo. Nimekosea mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliwahi kumpa mzee wa Londiani hundi ya mtu mwingine, akairudisha mwenyewe wiki iliyofuata akiniuliza kama niko sawa nyumbani. Lakini kuna kosa moja lililonifundisha kazi, na hilo ndilo nataka mlisikie, kwa sababu nasikia siku hizi mtu akiteleza mara moja mnasema huyo amekwisha.

Mama Cherono alikuwa na duka la dawa za mifugo pale Silibwet. Alikuja kwangu mwaka wa tisini na sita, wakati wa mvua ndefu, akiwa na risiti nyingi amezifunga kwa mpira. Aliziweka kwenye kaunta, akazipanga ziwe sawa kama karata, na akasema:

"Nimemaliza deni la mzee. Sasa nimekuja kuomba langu."

Mzee alikuwa marehemu mume wake. Alikuwa amekopa kwetu kununua lori lililokwisha tumika, la kubeba ngano kutoka Mulot kupeleka Nakuru. Msimu wa pili injini ikafa. Kabla hajapata pesa ya kuitengeneza, yeye mwenyewe akaugua na akaaga. Benki ikauza lile lori lilivyokuwa, kwa bei ya vyuma, na deni lililobaki likamwangukia mama, kwa sababu alikuwa ametia sahihi kando ya jina la mzee. Alilipa kwa maziwa na kwa majani ya chai ya shamba lake dogo, kidogo kidogo, miaka minne. Hakuna aliyemfuata na askari. Alikuja mwenyewe, na mara nyingine alikuja na pesa ambayo haikuzidi nauli yake.

Nilipeleka ombi lake kwa meneja. Meneja aliangalia faili dakika moja. "Hili deni lilichelewa miaka minne," akasema. "Kwangu huyu ni mtu aliyeshindwa. Kama angekuwa amelipa kwa wakati tungekuwa tunaongea mengine."

Nikarudi kumwambia. Hakulia wala kubishana. Alifunga tena risiti zake, akasema, "Nimelipa gari ambalo sikuwahi hata kulipanda, Langat. Nilifikiri hiyo ingehesabiwa kwangu."

Hapo ndipo Madam Auma alipoinua kichwa. Huyu alikuwa mkubwa wetu wa mikopo. Alizaliwa upande wa ziwa, akaja Kericho akiwa msichana kufanya kazi ya ukarani katika kampuni moja ya chai, na hakurudi tena. Alikuwa na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na droo yake ya chini ilikuwa na njugu kila siku. Alijua Kikipsigis kuliko vijana wengi wetu, lakini hakutangaza. Wateja walikuwa wakinong'onezana mbele yake kwa lugha yetu, "Tumwambie hizi ekari mbili ni tano," naye anaandika mbili, anawarudishia karatasi na kuwaambia kwa Kikipsigis, "Wekeni sahihi hapa." Yeye ndiye aliyenifunza kazi.

"Mama, kaa kidogo," akamwambia. "Umewahi kusikia habari ya kadi?"

Wakati huo benki ilikuwa imeleta kadi za mkopo. Kericho waliokuwa nazo walikuwa madaktari, mameneja wa mashamba makubwa ya chai na mawakili wawili. Mwenye kadi alinunua kitu dukani bila pesa, benki ikalilipa lile duka, kisha mwisho wa mwezi yeye akailipa benki. Sisi makarani tuliona ni mambo ya wakubwa. Lakini Madam Auma alikuwa amesoma kile kitabu cha masharti chote, hata maandishi madogo ya nyuma, na kule nyuma alikuta mstari mmoja: mteja asiye na rekodi nzuri anaweza kupewa kadi kama atafunga akiba yake benki iwe dhamana.

Akamweleza. Mama Cherono alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo nawapa pesa yangu mkae nayo, halafu ninyi mnanikopesha ingine?"

"Ndiyo."

"Na mimi nafaidi nini?"

"Jina," akasema Madam Auma. "Kila mwezi ukilipa kwa siku yake, mimi naandika. Baada ya mwaka nitakuwa na ukurasa mzima wa kumwonyesha meneja, na ni wako peke yako. Sasa hivi nina ukurasa wa mzee tu."

Mama Cherono alienda nyumbani na kuuza mtamba. Akarudi na shilingi elfu ishirini, tukazifunga, na kadi ikaja kutoka Nairobi ikiwa na kikomo cha elfu kumi na tano.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwezi wa kwanza, kwa sababu mambo haya hayajabadilika hata kama kadi zenu zina kila kitu ndani. Makosa mawili yalifanyika mwezi huo, moja lake na moja letu. Lake lilikuwa kwamba aliitumia kadi yote, elfu kumi na tano kamili, kwa dawa ya kupe na chanjo za kuku. Letu ni kwamba tulimwambia atalipa akipata karatasi ya hesabu ya mwezi. Karatasi ikatumwa kwa posta. Ikafika sanduku lake siku sita baada ya siku ya kulipa kupita. Kwa hivyo mstari wa kwanza kabisa wa ule ukurasa wake ukaandikwa: alichelewa.

Alikuja akiwa na ile karatasi mkononi, uso umemwiva. "Mimi nililipa siku ile ile niliyoisoma."

"Najua," Madam Auma akamwambia. "Usingoje karatasi tena. Siku yako ni tarehe ishirini. Njoo kabla ya hapo, uwe umepata karatasi au hujapata. Risiti zako za dukani ndizo karatasi yako. Na hii kadi, mama, usiikamue mpaka tone la mwisho. Ng'ombe ukimkamua hivyo, ndama atakula nini? Chukua elfu tano, sita. Meneja akiona kila mwezi umefika mwisho wa kamba, atafikiri huna kitu kingine."

Kutoka siku hiyo Mama Cherono alikuwa anakuja kila tarehe kumi na saba au kumi na nane. Alikuwa analipa yote, si ile sehemu ndogo ambayo benki inakuomba ili ikuchaji riba kwa iliyobaki. Mimi nilikuwa nimemwambia ile ndogo inatosha, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kwenye semina. Aliniuliza, "Na iliyobaki inazaa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi chukua yote, tusizae mambo." Nimewaambia wateja wangu maneno hayo mpaka nikastaafu.

Dawa alikuwa anazinunua katika duka moja kubwa la Nakuru lililokubali kadi. Labda hamjaona jinsi kadi ilivyokuwa inafanya kazi wakati huo. Kulikuwa na kimashine cha chuma. Unalaza kadi, unaweka juu yake karatasi tatu zenye kaboni, unashika mkono wake na kuuvuta huku na huku, kraa, kraa, na zile namba zilizoinuka kwenye kadi zinajichapa kwenye karatasi. Siku ya mafunzo nilijichapa kidole gumba. Kabla ya kuvuta, mtu wa duka alitakiwa kufungua kijitabu chenye namba za kadi zilizozuiwa, kilichokuwa kinatoka Nairobi mara kwa mara. Kadi ikiwa humo, aichukue, aikate kwa makasi, na vipande virudishwe benki.

Namba za kuingia kwenye kijitabu zilitoka kwetu matawini. Katika mwezi wa tisa wa kadi ya Mama Cherono, mwenye hoteli mmoja alihama mji bila kuaga na bila kulipa, nami nikaambiwa nizuie kadi yake. Nilijaza fomu kwa mkono. Namba yake iliishia thelathini na nane, arobaini na saba. Mimi nikaandika thelathini na nane, sabini na nne. Hata haikunisumbua. Madam Auma akaweka sahihi chini, fomu ikaenda Nairobi kwa faksi, na mimi nikaenda kula chapati.

Sabini na nne ilikuwa ya Mama Cherono.

Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya kaunta yangu akiwa na viatu vya kanisani na mikono mitupu. Aliongea polepole sana.

"Jana nilikuwa Nakuru. Yule msichana wa kaunta amenizoea, hata huwa ananiuliza habari ya ng'ombe. Alifungua kijitabu chake. Akaangalia, akaangalia tena. Akaniambia, mama, naomba unisamehe, halafu akachukua makasi. Kulikuwa na watu nyuma yangu. Mmoja anatoka kwetu Silibwet."

Nikamwambia ngoja niangalie, ingawa nilikuwa sijui niangalie nini.

"Nilifika nyumbani habari ikiwa imenitangulia," akaendelea. "Ati Mama Cherono ameanza tena yale ya mzee. Yule anayeniletea chakula cha ng'ombe nimlipe baadaye, leo asubuhi amesema anataka pesa mkononi. Langat, mimi nililipa tarehe kumi na saba. Ulinipa risiti wewe mwenyewe."

Nilienda nyuma na kutafuta nakala ya ile fomu. Nilipoziona zile namba mbili zimegeuzwa niliifunika ile nakala kwa mkono. Niwaambie ukweli, wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Nilikuwa na barua mbili za onyo kwenye faili yangu. Ya tatu ilikuwa ya kukupeleka nyumbani, na wakati huo nilikuwa nimejenga nusu ya nyumba. Ningeweza kumwambia mama ni mitambo ya Nairobi. Watu waliamini chochote kuhusu Nairobi.

Madam Auma alikuja akasimama kando yangu. Akavaa miwani, akasoma ile nakala.

"Hii saba hapa ni mwandiko wa nani?"

"Ni wangu."

"Na sahihi hii ya chini?"

Akaigonga kwa kidole chake.

"Ni yangu," akasema. "Niliweka bila kusoma namba. Twende kwa meneja kabla hajaenda kula."

Meneja alikasirika kama mtu mwenye haki ya kukasirika. Alisema nitaandikiwa barua siku hiyo hiyo. Madam Auma akamwambia, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza chai, "Kazi ya sahihi ya pili ni kukamata kosa la kwanza. Ukimwandikia yeye, niandikie na mimi." Meneja akamtazama muda mrefu. Madam Auma ndiye peke yake katika tawi lile aliyeweza kusoma mwandiko wa meneja. Mwishowe akatuandikia barua moja ya watu wawili, ya kutuambia tuwe waangalifu, isiyohesabiwa kama onyo langu la tatu, na nafikiri ndiyo barua pekee ya aina hiyo iliyowahi kuandikwa katika benki ile. Nyumba yangu ilipata mabati.

Lakini bado kulikuwa na Mama Cherono pale kwenye benchi. Nilimwendea nikamwambia yote: kwamba si Nairobi, si mtambo, ni mimi niliyegeuza namba. Nikamwambia tutaandika barua ya kuomba msamaha, kwake na kwa lile duka, na kadi mpya itakuja.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Barua itasomwa na mwenye duka peke yake huko ofisini kwake. Kadi yangu ilikatwa watu wakiwa wamesimama. Nataka na wewe useme watu wakiwa wamesimama."

Kadi mpya ilichukua majuma matatu. Ilipofika nilikutana naye Nakuru siku ya Jumamosi, nikiwa na tai na barua ya benki yenye mhuri. Duka lilikuwa limejaa wakulima. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini nilipofika mbele ya ile kaunta ilinipotea yote. Nikasema tu, kwa sauti ambayo watu wa nyuma wangesikia:

"Mimi ni karani wa benki kutoka Kericho. Kadi ya huyu mama ilikatwa hapa kwa sababu mimi niliandika namba vibaya. Yeye hana deni lililochelewa kwetu. Kosa lilikuwa langu."

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika pampu ya kunyunyizia dawa akasema, "Angalau huyu amekuja." Yule msichana wa kaunta akaanza kufuta macho, maskini, ingawa yeye alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Mwenye duka akatoka ofisini na kusoma barua. Akamwambia Mama Cherono, "Mama, tumekuona hapa miezi mingi. Chukua dawa zako leo, utalipa ukiweza. Hata kadi haina haja."

Nilidhani angefurahi. Alitikisa kichwa. "Asante. Lakini nataka ulipishe kwa kadi."

Msichana akafungua kijitabu, akapitisha kidole kwenye namba, akakifunga. Akalaza ile kadi mpya kwenye mashine, akaweka karatasi, akavuta. Kraa, kraa. Mama Cherono akatia sahihi polepole, herufi zote. Tulipotoka nje aliniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Akaninunulia chai na maandazi, na tukiwa tunakunywa akaniambia, "Sasa tumelingana, Langat. Wewe pia umewahi kuwa kwenye kitabu kibaya." Ndiyo mara ya kwanza nilicheka kwa majuma matatu.

Yule wa chakula cha ng'ombe aliposikia yaliyotokea Nakuru alirudi mwenyewe kuuliza mifuko mingapi. Habari ya kweli ilichelewa kidogo kufika Silibwet kuliko ile ya uongo, lakini ilifika.

Nimeulizwa na vijana kama hiyo ya Nakuru haikuwa ya kujishusha mno. Mimi naona hivi. Mtu anayejaribu kujenga jina upya analijenga kwa vitu vidogo sana: tarehe moja, risiti moja, elfu tano zilizorudi zikiwa elfu tano. Inamchukua mwezi kuweka tofali moja. Karani akiangusha ukuta huo kwa kalamu, hawezi kuurudisha akiwa ameketi. Na kuanzia siku ile nilisoma kila namba mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu jicho likisoma kwa mazoea linajionea linachotaka. Fanyeni hivyo hata na hizo simu zenu.

Mwaka ulipotimia, Madam Auma alichapa ule ukurasa kwa taipureta. Miezi kumi na miwili. Ule mstari wa kwanza wa kuchelewa hakuuficha. Aliuacha, na kando yake akaeleza habari ya posta. Kuhusu mwezi wa kadi kukatwa aliandika: kosa la benki. Aliupeleka kwa meneja pamoja na ombi la mkopo wa kujenga stoo ya mbolea, kwa jina la Mama Cherono peke yake, bila jina la mtu mwingine kando. Mama alikuwa amekuja tangu asubuhi, akakaa benchi la nje kungoja.

Meneja aliusoma mpaka chini. Aliniita, akaniuliza, "Huyu ni yule wa lori?"

"Ni yule wa kadi," nikasema.

Akachukua kalamu akatia sahihi. Nikaichukua ile karatasi kabla hajabadili mawazo.

Nilimpelekea Mama Cherono barua ya kukubaliwa mkopo pale nje. Aliisoma yote, akaipitia tena akiwa ameshika kidole kwenye jina lake. Nilimwuliza kama anataka nimweleze sehemu yoyote. Akasema hapana, ameelewa, ila angependa kukaa hapo kidogo kabla ya kuondoka. Nikarudi ndani kuhudumia watu. Karibu saa nane askari wetu wa mlangoni alikuja akaniambia yule mama wa Silibwet amelala kabisa kwenye benchi, viatu amevivua, na barua ameilalia. Akauliza kama amwamshe.

Nikamwambia amwache alale.